Umeumia kazini? Fomu ya kwanza ndiyo kesi yenyewe

Barua nyingi za safari hii zimetoka hapa Mombasa, Shimanzi, Changamwe na ng'ambo ya Likoni, na swali lake ni moja kwa sura tofauti: nimeumia kazini, nani anilipe na kiasi gani? Sheria inayohusika ni ile ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini (Work Injury Benefits Act) ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Bandarini na viwandani kila mtu huiita WIBA, nasi tutaiita hivyo. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Napakua magunia kwenye ghala moja Shimanzi, nalipwa kwa siku. Rundo liliniangukia nikavunjika kifundo cha mguu. Msimamizi alinipa shilingi 5,000 za dawa, akasema vibarua hawana bima. Ndivyo sheria isemavyo? — Hamali, Jomvu

Sivyo, ndugu yetu. WIBA haimtengi kibarua na mfanyakazi wa kudumu. Ukifanya kazi chini ya mtu kwa ujira, wewe ni mfanyakazi, uwe na barua ya kuajiriwa au usiwe nayo. Hata mwanagenzi anayejifunza kazi amo. Kukata bima ni wajibu wa mwajiri. Asipoikata, kosa ni lake na deni linabaki kwake, atalitoa mfukoni.

Cha kwanza ni taarifa. Sheria inakubali hata taarifa ya mdomo, lakini maneno ya mdomo hukanwa. Mwandikie msimamizi leo kwa simu: jina lako, tarehe, saa, ghala gani, kilichokuangukia, na waliokuwapo. Ujumbe wa simu una tarehe ambayo hakuna wa kuibadilisha. Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1. Ajali ikiwa ya kifo, taarifa ifike ndani ya saa 24. Fomu hiyo ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri akikataa kuijaza, usikae nyumbani ukimngoja. Nenda mwenyewe kwenye afisi ya usalama na afya kazini hapa Mombasa na ushahidi ulio nao, uombe afisa amwandikie mwajiri. Dai lenyewe lina miezi 12 tangu siku ya ajali.

Ushahidi wa kibarua hautoki kwenye hati ya mshahara, kwa hiyo uchimbe kwingine: taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kila jioni au kila wiki, pasi ya getini, picha ya daftari la mahudhurio, majina na simu za wenzako wawili mliokuwa zamu moja. Hizo pesa za M-Pesa pia ndizo zitakazotumika kukadiria mapato yako ya mwezi, basi usilete ya wiki moja. Leta ya miezi kadhaa.

Sasa chukua kadi yako ya hospitali uisome. Hapa ndipo madai mengi ya mahamali hufia. Mgonjwa afikapo kwenye kitengo cha majeruhi huulizwa, "Umefanya nini?" Naye kwa maumivu hujibu, "Nimeanguka." Daktari huandika hivyo hivyo: ameanguka. Miezi sita baadaye wakili wa bima huishika ile kadi na kuuliza, ameanguka wapi, bafuni kwake? Jibu linalotakiwa ni refu kidogo: "Nimeangukiwa na magunia nikiwa kazini, ghala fulani, saa nne asubuhi." Tena uwe macho iwapo msimamizi ndiye aliyekupeleka na ndiye anayekusemea. Wapo wanaotaja nyumbani ili jina la kampuni lisiingie. Kadi yako ikiwa na kasoro hiyo, rudi kliniki mapema umweleze daktari, maelezo ya ziada yaandikwe kwa tarehe ya siku hiyo. Usiikwaruze wala kuongeza neno kwa mkono wako.

Na zile 5,000 si fidia. Matibabu, dawa, nauli ya hospitali na hata kiungo cha bandia kikihitajika ni gharama za mwajiri, mbali kabisa na fidia ya ulemavu. Weka kila risiti.

Mashine ilinikata vidole viwili kiwandani. Mshahara wangu ni shilingi 18,000. Kampuni inasema kosa ni langu kwani kinga ya mashine ilikuwa imetolewa, lakini "kwa huruma" watanipa 60,000 nisaini tumalizane. Nisaini? — Mwendesha mashine, Miritini

Usisaini kitu chochote kabla daktari hajaandika asilimia ya ulemavu. Bila asilimia, hakuna mtu, hata huyo wa kampuni, anayejua deni ni kiasi gani.

Hesabu ya ulemavu wa kudumu ni hii: mapato ya mwezi mara 96, kisha mara asilimia. Miezi 96 ni miaka minane. Kwa mshahara wako, 18,000 mara 96 ni 1,728,000. Tuseme, kwa mfano tu, daktari ameandika asilimia 15: fidia ni 259,200. Asilimia 10 ingekuwa 172,800. Sasa ziweke 60,000 kando ya hizo uone huruma ya kampuni ina uzito gani. (Sheria inaruhusu waziri aweke kiwango cha chini na cha juu cha fidia hiyo.)

Neno mapato lina uzito wake. Thamani ya chakula na nyumba unayopewa na mwajiri huhesabiwa, na ovataimu ya kila mara pia. Ovataimu ya kubahatisha haimo. Kama 18,000 ni mshahara mtupu na kila mwezi hupata 4,000 za ovataimu, basi hesabu ianze na 22,000. Kwa asilimia 15, hizo 4,000 peke yake zinaongeza 57,600. Waajiri wengi hujaza kwenye fomu mshahara mtupu. Baadhi kwa kutojua, wengine wanajua vizuri sana. Omba nakala ya DOSH/WIBA 1 uitazame sehemu ya mapato kabla haijapelekwa, na uwe na hati zako za malipo mkononi.

Kuhusu kosa ni la nani: fidia ya WIBA haitafuti mzembe. Kuumia ukiwa kwenye kazi ya mwajiri kwatosha, hata kama ulikwenda kinyume na amri, maadamu ulikuwa ukifanya shughuli yake. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa makusudi kabisa, na hata huo haumnyimi aliyepata ulemavu mkubwa wala familia ya aliyekufa. Kinga ya mashine ikitolewa ili kazi iende kasi, nalo ni jambo la kawaida viwandani, hilo ni swali la mkaguzi kwa kampuni, si kwako.

Asilimia hutolewa kwa kufuata Jedwali la Kwanza la sheria, na wakati wake ni baada ya jeraha kutulia. Ukienda mapema, kidonda kibichi na mkono umevimba, daktari ataandika kilichokatika tu. Ugumu wa viungo vilivyobaki na ukosefu wa nguvu ya kushika havitaonekana. Ukienda na fomu, mwambie daktari mambo usiyoweza tena: kufunga kifungo, kushika spana, kubeba ndoo. Na usiondoke kabla hujaona pale pa ulemavu wa kudumu pamejazwa tarakimu. Fomu ikiwa tupu hapo hukaa afisini bila kusonga.

Katika muda huu wa kuuguza, ikiwa umekosa kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili malipo ya kipindi sawa na mapato yako, hadi miezi 12. Hayo hayatolewi ndani ya fidia ya vidole.

Na karatasi ya kumalizana? Sheria haiutambui mkataba wa kumfanya mfanyakazi aiache haki yake. Lakini ukishaisaini itatolewa kila mahali na kukuchelewesha. Kama umeshapokea pesa, andika pembeni ya sahihi yako zilikuwa za nini: dawa, nauli, au mshahara.

Nachomelea na kusaga vyuma kwenye karakana, miaka mingi sasa. Masikio yanavuma usiku kucha na mke wangu analalamika redio naifungulia sana. Sijapata ajali yoyote. Nina dai? — Mchomeleaji, Changamwe

Unalo, kwa jina la ugonjwa wa kazi. WIBA ina Jedwali la Pili la magonjwa na kazi zinazoyaleta. Ugonjwa ukiwa humo na kazi yako ni ile iliyotajwa, sheria inachukulia kuwa kazi ndiyo chanzo, na anayebisha ndiye athibitishe kinyume. Tarehe muhimu ni ile daktari alipoutambua ugonjwa mara ya kwanza, kwa hiyo taarifa kwa mwajiri iende mara tu baada ya majibu.

Kanuni za kelele za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi akae kwenye kelele inayopita desibeli 90 kwa saa 8. Kipimo cha haraka: ikiwa mwenzako yuko umbali wa mkono na bado lazima upaze sauti akusikie, mmekaribia desibeli 85 au mmepita.

Usiende kupima masikio ukitoka zamu. Kelele ya mchana huliziba sikio kwa muda, na kipimo kikionyesha ubovu mkubwa mwajiri atasema ni uchovu tu. Kaa mbali na kelele kiasi cha saa 16 hivi, yaani pima asubuhi baada ya siku ya mapumziko, kwenye chumba kisichopenya sauti. Uziwi wa kelele una alama yake: mchoro wa kipimo cha masikio huporomoka kwenye sauti ya hezi 4,000 kisha hupanda kidogo, na kwa kawaida masikio yote mawili hufanana. Uziwi wa uzee haupandi tena. Mwulize daktari aandike alichokiona kwenye mchoro, si neno "uziwi" pekee.

Kanuni nyingine za 2005 zinamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wa kazi hatari kabla ya kuanza, wakiwa kazini, na wakiondoka. Mwombe kwa maandishi nakala ya vipimo vyako. Asipokuwa navyo hana cha kuonyesha kwamba ulikuja kwake masikio yakiwa mabovu. Na pamba sikioni si kinga; hupunguza kelele kidogo mno.

Tulikuwa kwenye basi la kampuni tukirudi kutoka zamu, lori likatugonga Mikindani. Ni ajali ya kazi? — Dada, mtaa wa Bangladesh, Mombasa

Ndiyo. Gari lililotolewa na mwajiri kubeba wafanyakazi huhesabiwa kuwa kazini. Ungekuwa kwenye matatu uliyojilipia mwenyewe au kwenye feri, kwa kawaida isingekuwa. Kwa kuwa mwenye lori ni mtu wa nje, unaweza pia kumshtaki kando. Korti itaangalia ulichokwisha kulipwa chini ya WIBA. Hapa ripoti ya polisi inahitajika pamoja na DOSH/WIBA 1, moja haichukui nafasi ya nyingine.

Mume wangu alianguka kwenye mjengo akafariki. Afisi ya usalama na afya kazini ilimpa mwajiri makadirio ya fidia, amenyamaza. Wakili mmoja aniambia tushtaki kortini moja kwa moja. — Mjane, Kisauni

Mola amrehemu, mama. Kuhusu kushtaki moja kwa moja, jihadhari. Mahakama ya Juu, tarehe 3 Desemba 2019, ilishikilia kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi. Kesi iliyoruka hatua hiyo hutupwa, na huku miezi 12, ambayo kwako inahesabiwa tangu siku ya kifo, inazidi kupungua.

Kwa kifo, hesabu hutoka kwenye hiyo hiyo miezi 96, mgawanyo kwa wategemezi ukifuata Jedwali la Tatu, na gharama za mazishi ni za mwajiri hadi kiwango kilichowekwa. Weka tayari cheti cha kifo, cheti cha ndoa (cha kadhi chafaa), vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya chifu inayowataja wategemezi wote. Mtoto au mzazi akiachwa nje ya barua hiyo, ugomvi wa familia husimamisha faili kuliko mwajiri anavyoweza.

Makadirio uliyoyataja ni fomu ya DOSH/WIBA 4. Mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa tangu dai liwasilishwe kwake. Pesa zikifika kwa Mkurugenzi, naye ana siku 30 za kukulipa. Asiyeridhika na uamuzi huweka pingamizi ndani ya siku 60, Mkurugenzi hujibu ndani ya siku 14, na baada ya jibu kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa pia Mombasa. Siku hizo zikipita mwajiri amenyamaza, hapo ndipo wakili anapofaa: makadirio si hukumu, na lazima uende mahakama hiyo kuomba yatekelezwe. Si majaji wote waliokubali njia moja ya kuyaleta, basi mchague wakili aliyekwisha kufanya kesi za WIBA, na mwende mkiwa na nakala ya fomu hiyo yenye muhuri na tarehe mwajiri alipoipokea.