RAM nne zikijaa na kasi ikashuka: kwa fundi anayeanza

Mteja akirudi na malalamiko kwamba ameongeza RAM mbili, sloti zote nne zimejaa, na kasi imeshuka badala ya kupanda, usikimbilie kumwambia ameuziwa feki. Mara nyingi RAM ni nzima na mazabodi ni nzima. Wewe mdogo wangu unayeanza ufundi, jambo la kwanza kulishika ni hili: kasi ya RAM haiamuliwi na RAM peke yake. Anayeisoma na kuiandikia ni kidhibiti cha memori kilichomo ndani ya prosesa, na kila chaneli, yaani njia ya data kati ya prosesa na RAM, ikibeba RAM mbili badala ya moja, kazi yake inakuwa ngumu zaidi. Mazabodi ya kawaida yenye sloti nne ina chaneli mbili tu.

Hili watengenezaji wenyewe wanaliandika. Chukua prosesa ya Ryzen 7 7700X: AMD wanaihakikishia RAM za kizazi cha DDR5 kasi ya 5200 ikiwa na RAM mbili, lakini zikiwa nne ni 3600 tu. Sasa mteja amenunua pakiti iliyoandikwa 6000. Namba hiyo ni ya EXPO, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM, yaani ni kuivusha mashine kiwango chake rasmi. Huenda ikakubali kwa RAM mbili, kwa nne ikakataa kabisa kuwaka.

Kwa hiyo anza kwa kusoma, si kwa kufungua kava. Kwenye Task Manager, upande wa memori, utaona kasi na idadi ya sloti zilizotumika. Ukitumia CPU-Z, programu ya kusoma taarifa za prosesa na RAM, kumbuka inaonyesha nusu: RAM ya 3200 itaandikwa karibu 1600, na hapo hakuna tatizo lolote. Vijana wengi wanababaika hapo bure. Kisha ingia kwenye baiosi uangalie kama XMP (mpangilio kama huo wa Intel) au EXPO bado imewashwa, maana mazabodi ikishindwa kuwaka huweza kuizima na kurudi kwenye kasi ya msingi.

Ikiwa bado, toa RAM zote. Pima pakiti ya zamani peke yake kwenye A2 na B2, ambazo kwenye mazabodi nyingi ni sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu ipime mpya hapo hapo. Kila pakiti ikifanya vizuri peke yake na zote mbili zikigoma pamoja, umeshapata jibu: ni mzigo, au ni pakiti zisizoelewana. Hata zenye jina na namba moja zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Kwa DDR5, ukishaweka RAM nne, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa wakati mashine inazizoea. Usizime! Na kama umeme wa mtaani kwenu unakatika-katika, chomeka kwenye UPS kabla ya kuwasha.

Baada ya hapo shusha kasi hatua kwa hatua hadi mashine itulie, na utulivu uupime kwa MemTest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kuwaka si kutulia. RAM inayokosea kidogo huharibu mafaili ya mtu kimyakimya, na hilo ni baya kuliko kasi ndogo. Msiongeze volti ovyo; mwaka 2023 AMD walilazimika kuweka kikomo cha 1.3 V kwa volti ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha memori, baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 kuungua.

Kompyuta za ofisi zilizotumika, zile zinazojaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi, zina habari yake. Dell OptiPlex 7050 yenye prosesa ya i5-7500 haivuki 2400 hata uiwekee RAM za 3200, na XMP hutaiona kwenye baiosi. Usimuuzie mtu kasi ambayo mashine yake haiwezi kuitumia.

Mteja anayehariri video na kujaza RAM kila siku, mwachie nne hata kwa kasi ndogo, kwani ukubwa utamfaa zaidi. Wa michezo, mshauri auze zote anunue mbili kubwa za pakiti moja. Vyovyote atakavyochagua, piga picha ya Task Manager kabla na baada ya kazi, na uandike kasi zote mbili kwenye risiti yake.