Mama anasema hana shida. Tumnunulie tangi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Newala, napiga kazi ya ukuli bandarini Mtwara. Nimepanga chumba Chikongola, umeme upo, bomba lipo uani. Hata hivyo naona maisha yamenipiga chenga, hasa nikikatiza Shangani, mtaa wa wenye nacho, na kuona watu wanavyoishi. Mama yuko kijijini. Maji ananunua kwa dumu, hela ikikosekana anayafuata kwa mguu, lakini ukimuuliza anasema, "Mie sina shida, namshukuru Mungu." Tulipanga hela ya korosho ya msimu huu tumnunulie tangi. Kaka zangu wanasema mama karidhika, hela iende kwenye pikipiki. Nani kati yetu ana maisha mazuri, na hela iende wapi?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Nunueni tangi.

Mama yako hasemi uongo. Jirani yake naye anajitwika ndoo, na bibi yako aliyafuata maji bondeni, chini kabisa ya mteremko. Akijipima na hao, mama yuko vizuri. Wewe kipimo chako ni Shangani. Kila mmoja anajibu kutokana na anachokiona mlangoni pake, kwa hiyo sitawashindanisha.

Lakini kaka zako nawakatalia. Mchumi wa India, Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alilitazama jambo hili upande wa afya. Watu wa jimbo la Kerala wanaishi miaka mingi kuliko wa Bihar, tena wamesoma na hospitali wanazo. Ukiwauliza, wao ndio wanaolalamikia maradhi zaidi. Wa Kerala anajua homa yake ina dawa. Wa Bihar amezoea kuumwa hadi anaona ndivyo mwili ulivyo. Serikali ikifuata malalamiko peke yake, itaongeza hospitali Kerala na kuisahau Bihar. Kaka zako wanataka kumfanyia mama hivyo hivyo.

Newala naijua. Uwanda ule wa Makonde una mchanga unaomeza mvua yote, maji yako chini sana. Niliwahi kulala kwenye nyumba yenye kisima cha saruji ubavuni, kinajazwa na mvua ya kwenye bati. Kina mfuniko na kufuli, ufunguo mama mwenye nyumba kaufunga kwenye pindo la khanga. Asubuhi alinipimia maji ya kunawa kwa kopo. Alinipa kwa moyo mweupe, ila macho yake hayakubanduka kwenye lile kopo. Naye ukimuuliza, hana shida.

Kwa hiyo msimuulize mama kama ana shida. Muulizeni jana alitoka saa ngapi kwenda kuchota, alirudi saa ngapi, na mgongo ukoje.

Na wewe usijione huna shukrani. Umekua ukisikia habari za gesi ya Mtwara. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, na wewe bado ni wa chumba kimoja. Kutaka zaidi ni haki yako. Ila dai vitu vinavyodaika: malipo ya zamu, mkataba wa kazi, kodi ya chumba isiyokuumiza.

Hela ya mnada wa korosho huingia mvua zikiwa zimekaribia kabisa. Pimeni bati la mama sasa, na fundi wa gata mumshike mapema. Kaka zako wakikaza, mpelekeeni mjomba wenu wa damu. Kwetu neno lake kwa dada yake halipingwi.