Mkazo Ukae Wapi Katika "Short-Sleeved"?

SWALI: Habari yako, Mwalimu. Huwa narekodi matangazo ya mitumba kwa Kiingereza, na wauzaji wa Gikomba huyacheza kwa spika. Mteja mmoja analalamika kwamba "short-sleeved" naitamka kwa silabi tatu, tena mkazo wangu unahamahama. Je, kile kistari cha katikati kinanielekeza nini? – Msomaji, Umoja

JIBU: Njema. Tuanze na kistari, maana kinawapotosha wengi. Hakihesabu silabi, kinaonyesha tu kwamba maneno mawili yamefungwa pamoja kueleza nomino. "Short-sleeved" ina silabi mbili basi: "short", halafu "sleeved" kwa mkupuo mmoja. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, ki-ta-bu, ndiyo maana ulimi unatamani kuongeza moja mwishoni. Uzuie. Ile "-ed" huwa silabi kamili inapofuata sauti ya t au d, kama katika "high-waisted", yenye silabi tatu.

Mkazo ndio unaotaka utulivu. Kwa Kiswahili unajua pa kukaza kabla hujafungua mdomo: silabi ya pili kutoka mwisho, píka, pikía, pikiána. Vivumishi hivi vya Kiingereza husubiri kuona neno linalofuata. Ukisema "this shirt is short-SLEEVED" ukanyamaza, mkazo mkuu uko nyuma. Ukisema "a SHORT-sleeved SHIRT", unarudi mbele, kwa kuwa Kiingereza hukwepa mikazo miwili mizito iliyogusana, na "shirt" tayari ina wake. Kwa hiyo mwambie mteja wako kwamba kuhama si kosa, mradi kuwe na sababu. "Second-hand" nayo hufuata njia hiyo: "it's second-HAND", lakini "SECond-hand CLOTHES".

Liko kundi lisilohama. Nomino ikiungana na kitenzi chenye "-ing", kama "eye-catching", kwa kawaida mkazo hubaki kwenye nomino hiyo popote ilipo.

Nikipita Gikomba Jumamosi, sauti inayojua pa kukaza huisikia hata katikati ya makelele ya mikokoteni, na natamani yako iwe hivyo. Kabla ya kurekodi, pigia mstari kila nomino inayoelezwa, kisha usome kivumishi pamoja nayo, kamwe usikisome peke yake. Na tangazo likichapishwa, neno likafika ukingoni mwa mstari, likate palepale penye kistari. Usiongeze cha pili.