Gawio limepanda, harufu imetoweka

SWALI: Asalaam alaykum, dada mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Wete. Kwenye kiinua mgongo nilichota kidogo nikanunua hisa za kampuni moja ya sabuni. Kiwanda kipo Unguja, imesajiliwa Dar es Salaam. Sabuni ilitiwa mafuta ya karafuu za kwetu, na kila kipande kikifungwa karatasi yenye jina la khanga. Mke wangu akiziweka karatasi zile kabatini, baina ya nguo.

Mwaka huu kimekuja kiboksi cheupe, Kiingereza kitupu, na nikinusa naona ni sabuni ya hoteli yoyote. Gawio nalo likapanda, nikaezekea bati jipya. Sasa nimeletewa taarifa ya mkutano: neno "Pemba" litolewe kwenye jina la kampuni. Nikilala chini ya bati lile naona haya. Niuze?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Bati ni halali yako, lala. Masika hayamuulizi mtu gawio limetoka wapi.

Kuuza kuna kazi yake. Kampuni isiyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam haina mnunuzi anayesubiri. Utamtafuta mwenyewe, na huenda katiba ya kampuni ikawaruhusu wakurugenzi kumkataa.

Karatasi na manukato ni mambo ya bodi. Jina silo. Kwa Sheria ya Makampuni ya 2002, jina hubadilishwa kwa azimio maalumu: lipate robo tatu ya kura zinazopigwa. Wanaokataa wakizidi robo, limekwama. Hisa zako peke yake hazifiki, lakini hapo Wete na Chake wangapi walinunua kwa ajili ya neno hilohilo? Wapigie simu. Asiyeweza kuvuka bahari ajaze fomu ya uwakilishi, aiwahishe.

Ila mimi, kabla ya kupiga kura, ningesimama niulize: mwaka jana mlinunua lita ngapi za mafuta ya karafuu, na mwaka huu ngapi? Wakisema mwaka huu hakuna hata moja, basi jina litoke. Sabuni isiyo na tone la karafuu kuitwa ya Pemba, huko ni kumdanganya mnunuzi, na wewe mwenye hisa umo.

Karatasi za mama watoto zichukue mbili tatu uende nazo. Wape wakurugenzi wanuse.