Kabla hujamlipa fundi wa lile vazi

Mdogo wangu, umeuliza kama ushone vazi la shujaa kama wale wa filamu, uvae kinyago na uanze doria za usiku hapo Seattle, Marekani, ulikohamia. Sikukatazi, ila mwenzio ameshapita njia hiyo. Phoenix Jones alizunguka mitaa hiyohiyo na fulana ya kuzuia risasi. Januari 2011 akavunjwa pua. Oktoba mwaka huohuo akawapulizia watu dawa ya pilipili, akidai anaamua ugomvi, na polisi wakamweka ndani yeye. Mashtaka hayakufunguliwa, lakini mahakamani aliambiwa avue kinyago, na jina lake halisi likaenea.

Hayo ndiyo makubwa. Yanayochosha ni madogo: zipu iko mgongoni na haja ndogo imekubana saa nane usiku, kinyago kimelowa jasho, mvua ya huko nayo haiishi, asubuhi kazini unasinzia. Na nguo utaifua mwenyewe, kwa mkono.

Kama nia yako ni kusaidia, mwangalie Superbarrio wa Mexico City. Alijitokeza 1987, miaka miwili baada ya tetemeko kubwa, kavaa nguo nyekundu za kubana na kinyago cha mwanamieleka. Hakukimbizana na vibaka. Alisimama na wapangaji waliokuwa wakifukuzwa, akaandamana nao, akaenda nao maofisini kudai haki zao. Kazi ya foleni na makaratasi, kwa kweli.

Anza na hiyo. Vazi fundi atakushonea baadaye, na mwambie zipu aiweke mbele.