Ottawa mpaka Iqaluit ni masaa mangapi kwa ndege?

SWALI: Salaam, mie mama wa hapa Ngamiani, Tanga. Kijana wangu kamaliza chuo Ottawa kule Kanada, sa hivi kapata kazi mji unaitwa Iqaluit, kaskazini huko kwenye barafu, anaondoka mwezi wa kwanza. Mjukuu wangu kapima kwa rula ile ramani ya dunia ya ukutani kalinganisha na vipimo vya huku kwetu, kasema ni zaidi ya kilometa 3,500. Usingizi umeniruka. Ni kweli ni mbali hivyo? Na kwanini asipande basi, maana tiketi ya ndege aliyonitajia imenitisha.

JIBU: Shikamoo mama. Mjukuu hajakosea kupima, ramani ndo imemponza. Ramani nyingi za ukutani zimechorwa kwa mtindo wa Mercator, yaani dunia ya duara imelazwa iwe bapa, sasa kadiri unavyopanda kaskazini nchi inavutwa inazidi kuwa kubwa, huko Iqaluit imevutwa zaidi ya mara 2 ukilinganisha na hapa Tanga. Umbali wa kweli angani ni kama kilometa 2,090. Dar mpaka Addis Ababa ni kama 1,760, kwahiyo anapita hapo kidogo tu. Ndege ya moja kwa moja inatumia kama masaa 3, anakunywa chai Ottawa anakula mchana kule.

Basi halipo mama, wala treni. Iqaluit iko Kisiwa cha Baffin na hakuna barabara yoyote inayouunganisha na miji mingine ya Kanada. Sisi tumezoea ukikosa hiki kuna kile, Tanga kwenda Dar angani haifiki hata kilometa 200 lakini basi linazunguka Segera na Chalinze mpaka inafika kama 350, ni mzunguko kweli ila unafika. Kule bahari yenyewe inaganda, meli za mizigo zinaingia miezi ya kiangazi tu, miezi mingine yote mtu, dawa na mboga vinategemea ndege, na mji una watu 7,000 na kitu tu wa kugawana gharama. Ndo maana tiketi kali, hajaibiwa.

Kitu ambacho ningemsisitizia ni hali ya hewa. Mwezi wa kwanza nyuzi 25 chini ya sifuri ni kawaida, ikija dhoruba ya theluji ndege haitui, inaweza kurudi ilikotoka au isiruke kabisa siku hiyo, kwahiyo asipange kufika leo aripoti kazini kesho asubuhi, ajiachie siku mbili tatu, na koti zito, dawa na chaja viwe kwenye begi la mkononi. Na ukiona simu yake haipatikani siku ya safari mama usianze kuwaza mabaya, kuna uwezekano mkubwa amekaa tu uwanjani anasubiri.

Jina la mji kwa lugha ya Wainuiti, wenyeji wa kule, ni mahali penye samaki wengi, nadhani mtoto wa Tanga hatakosa kitoweo. Na masaa ya kumpigia hayabadiliki, saa zao ni zilezile za Ottawa, mwezi huo wa kwanza wewe ukiwa saa mbili usiku yeye ni saa sita mchana.