Nilibadili unene wa nyuzi, gitaa likagoma kushika tyuni

Uzi wa nne ndio ulionisumbua. Tulikuwa harusini Mbagala, wimbo wa tatu haujaisha. Kinanda kimeshika kodi ya D (zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), mimi nimeshika hiyohiyo, na katikati ya kodi kuna sauti moja imebaki chini ya wenzake. Nikazungusha ufunguo wa kukazia uzi kidogo. Hakuna kilichobadilika. Nikazungusha tena, kimya. Mara ya tatu, tik! Uzi ukaruka, ukapita mahali nilipoutaka. Nikaurudisha, na kabla kiitikio hakijaisha ukawa umeshuka tena. Tulikwenda hivyo hadi maharusi wanakata keki.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimefunga nyuzi mpya, nene kuliko nilizozizoea. Kama nawe unafikiria kufanya hivyo, soma kwanza, maana mimi nilipoteza miezi miwili na fedha za funguo mpya kwa tatizo ambalo halikuwa kwenye funguo kabisa.

Gitaa lenyewe ni nakala ya Stratocaster, ile iliyotolewa na Fender mwaka 1954 na ambayo hadi leo inaigwa kila kona ya dunia. Nililinunua Kariakoo likiwa limeshatumika, likiwa na nyuzi za 9, na kwa miaka minne nikawa nanunua za 9 tu. Kwa mazoezi ya chumbani zilinitosha. Nilipoingia kwenye bendi na kupewa rizim, yaani gitaa la kusindikiza, zikanishinda. Rizim ya muziki wa dansi haina mapumziko. Mkono wa kulia unachapa saa nne mfululizo, na uzi mwembamba ukichapwa kwa nguvu sauti yake huanza juu kidogo kabla haijatulia. Mkono wa kushoto nao ukibana kodi kwa jazba, uzi unapanda. Unatyuni vizuri, unapiga vibaya, na husikii kosa liko wapi.

Mzee anayepiga besi kwetu ndiye aliyeona. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akaniomba gitaa, akalipapasa. "Mwanangu, mkono wako mzito, nyuzi zako za mtoto. Funga za kumi."

Hizo namba ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi. Seti ya kawaida ya 9 inaanzia 0.009 na kuishia 0.042 kwenye uzi wa sita. Ya 10 inaanzia 0.010 hadi 0.046. Kwa macho huoni tofauti. Lakini kwenye gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa milimita 648 kutoka nati, pale kichwa kinapokutana na shingo, hadi briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, kama Stratocaster, seti ya 9 ikityuniwa kawaida inavuta kwa jumla kama kilo 38, na ya 10 inavuta kilo 46 na ushee. Umeliongezea gitaa mzigo wa lita nane za maji, na mzigo huo unavuta shingo, unavuta briji, unabana kila mahali uzi unapopita. Ndiyo maana huwezi kubadili unene wa nyuzi ukaacha vingine vyote vilivyo.

Kosa langu la kwanza nilifanya dakika ya kwanza: nililegeza nyuzi zote sita kwa pamoja nikazitoa. Briji ya gitaa la namna hii haikugongomelewa. Mbele inavutwa na nyuzi, nyuma, ndani ya kile kishimo chenye kifuniko cha plastiki, inavutwa na springi, na inakaa pale pande hizo mbili zinapolingana. Ukitoa nyuzi zote, springi zinaivuta peke yake. Ukifunga nyuzi nene, zinaishinda springi na briji inainuka mgongo. Nilitumia saa nzima nikityuni: nikifika uzi wa kwanza, wa sita umeshuka, nikirudi wa sita, wa kwanza umeshuka. Nikadhani nyuzi ni feki. Zilikuwa nzima, kila uzi niliokaza ulikuwa unaivuta briji mbele na kuwalegeza wenzake.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Toa wa sita, funga wa sita mpya, utyuni, ndipo uende wa tano. Ukimaliza fungua kifuniko cha nyuma. Utaona skrubu mbili ndefu zinazoshika kile chuma ambacho springi zimenasa. Kaza kila moja nusu mzunguko, tyuni upya, angalia kama briji imerudi mkao wake. Haijarudi, rudia. Kama gitaa lina springi tatu na skrubu zimekaribia kufika mwisho, ongeza springi ya nne.

Mimi nilikwenda mbali zaidi na ninakushauri hivyo kama hutumii ule mkono wa tremolo unaoyumbisha briji, na wapiga rizim wengi hatuutumii. Kaza skrubu mpaka briji ilale kabisa juu ya mwili wa gitaa na nyuzi zisiweze kuiinua. Faida yake utaiona usiku uzi utakapokatika: kwenye briji inayoelea, uzi mmoja ukikatika nyuzi zote zilizobaki zinapanda na wimbo umekwisha, kwenye briji iliyolala, unaendelea na tano.

Sasa turudi kwenye uzi wa nne. Baada ya ile harusi nilimpelekea fundi mmoja, akazungusha funguo mara mbili tatu, akasema zimelika meno, nunua mpya. Nikanunua, akafunga, nikalipa. Jumamosi iliyofuata, tik. Nilikaa kitandani na gitaa mapajani nikiwa nimekata tamaa, na ni kwa sababu chumba kilikuwa kimya ndipo nikasikia ile tik inatokea wapi. Haikutoka kichwani kwenye funguo. Ilitoka kwenye nati: hiyo plastiki nyembamba pale kichwa kinapokutana na shingo, yenye mifereji sita ya nyuzi. (Jina ni lile la nati ya bolti, ingawa havifanani hata kidogo.)

Nikainamisha taa. Uzi wa nne wa seti ya 9 una 0.024, wa seti ya 10 una 0.026, na juu yake umezungushiwa waya mwembamba kama kamba ya katani ilivyosokotwa. Mfereji uliochongwa kwa uzi mwembamba ulikuwa umeuma zile pete za waya. Nikizungusha ufunguo, sehemu ya kichwani inakaza lakini upande wa shingo hausogei, kwa sababu uzi umenasa katikati. Nguvu zinajikusanya, pete moja inajinasua, tik, uzi unaruka. Na nikipiga kwa nguvu, sehemu iliyonasa inajirudi taratibu, sauti inashuka. Ufunguo ulikuwa umefanya kazi yake muda wote.

Jipime hivi: tyuni uzi, kisha kwa kidole ubonyeze kwenye ile sehemu fupi nyuma ya nati, kati ya nati na ufunguo, uuachie, upige tena. Kama sauti imebaki juu na haikurudi ilipokuwa, nati imeukamata. Kama funguo zako hazichezi ukizishika na uzi umezungushwa vizuri, usitoe hata shilingi kwa fundi kabla ya kipimo hiki.

Dawa ya kwanza ni penseli. Legeza uzi, uutoe kwenye mfereji, sugua ncha ya penseli nyeusi mle ndani mpaka mfereji ung'ae kijivu. Unga wa penseli unateleza. Mara nyingi hiyo inatosha kwa aliyehama hatua moja, kutoka 9 kwenda 10. Kwangu ilitosha kwa uzi wa tano na wa sita. Wa nne uligoma. Vile vitupa vyembamba vya kuchongea nati sikuvipata mjini, kwa hiyo nilizungushia msasa laini wa namba 600 kwenye kipande cha uzi wa tatu wa zamani na nikausukuma mbele na nyuma ndani ya mfereji, nikiuinamisha kuelekea kwenye ufunguo. Mara kumi, rudisha uzi, sikiliza. Mara tano zaidi, sikiliza. Unapanua ubavu wa mfereji, huchimbi chini. Ukichimba, uzi ukipigwa wazi utagonga freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) na kuzizima, na hapo nati imeharibika. Kuna namna ya kuangalia kina: bana uzi kwenye freti ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki uwazi mdogo sana, kama unene wa karatasi. Ukiona uzi umelala juu ya freti, umepita kiasi.

Wenye magitaa ya umbo la Les Paul watalikuta tatizo hili zaidi kwenye uzi wa tatu na wa nne, kwa sababu funguo zao ziko tatu kila upande na nyuzi za katikati zinapinda pembeni zikishatoka kwenye nati. Urefu wa nyuzi zao nao ni mfupi, milimita 628 hivi, kwa hiyo seti ileile inavuta pungufu kwa karibu asilimia 6. Rafiki akikuambia za 11 ni laini kwake, muulize kwanza anapiga gitaa gani.

Shingo. Mzigo ukiongezeka shingo inapinda mbele na nyuzi zinakuwa juu katikati. Gitaa likiwa limetyuniwa, bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, kisha chungulia kwenye freti ya saba au ya nane. Kipande cha uzi wa kwanza wa seti ya 10 ni kipimo kizuri, kwa kuwa unene wake ni robo milimita: kikipita kwa kugusagusa, shingo iko sawa. Pakiwa wazi sana, kile chuma cha ndani ya shingo kinakazwa kwa spana ya L, kuelekea mkono wa saa, robo mzunguko tu, halafu liache gitaa lilale hadi kesho. Ukiona kigumu usilazimishe, kinaweza kukatika, na shingo ni gharama nyingine.

Vikalio, vile vyuma sita kwenye briji, vinakuja mwisho. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, kisha ubane palepale upige. Ukibana sauti ikawa juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Nyuzi nene kwa kawaida zinataka kurudi nyuma kidogo. Tumia tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti, masikio yakichoka yanadanganya, na fanya kazi hii kwenye nyuzi mpya ambazo umeshazivuta kwa mkono na kuzityuni tena na tena mpaka zikaacha kushuka. Na daima fika kwenye sauti ukitokea chini: ukiipita, shuka chini yake kisha upande tena.

Bendi yetu siku hizi inashusha tyuni ya nyuzi zote nusu toni kwa ajili ya mwimbaji, na hapo ndipo nilipoielewa busara ya mzee wa besi. Kushusha nusu toni kunapunguza mvutano kwa karibu asilimia 11, kwa hiyo seti yangu ya 10 inavuta kama kilo 41. Bado iko juu ya seti ya 9 iliyotyuniwa kawaida, na vidole havilalamiki. Ningebaki na za 9 tukashusha, ningekuwa napiga ndala. Ukihama kati ya kushusha na kutoshusha kila wiki, jua kwamba briji inayoelea itahitaji kusawazishwa kila mara. Hiyo ni sababu nyingine ya kuilaza.

Mwenzetu anayepiga solo ana uzi wa nne wa ajabu zaidi. Anapenda rumba ya Kongo, na huko kuna gitaa linalokaa kati ya solo na rizim, liitwalo mi-composé. TPOK Jazz ya Franco ilikuwa nalo. Uzi wa nne wa kawaida unatolewa na mahali pake unafungwa uzi mwembamba, unaotyuniwa D ya oktavu moja juu. Shida yake ilikuwa kinyume cha yangu. Uzi mwembamba ndani ya mfereji mpana ulikuwa unacheza pembeni, na ukipigwa wazi unazizima. Alijaribu kuweka kipande cha karatasi, kikadumu wimbo mmoja. Mwishowe alichukua mfupa wa ng'ombe buchani, akauchemsha, akauanika juani wiki nzima, akaukata kwa msumeno wa chuma na kuusugua kwenye msasa hadi ukatoshea. Mifereji mitano ya kawaida, wa nne mwembamba. Nati ya zamani anaitunza kwenye begi la gitaa, ndani ya kopo la filamu, pamoja na penseli.